Picha za zamani za ukoo: programu ipi ya bure itufae?

Nyumba nyingi za watu wetu Muscat, Dubai na Doha zina kasha la picha zilizokuja na wazee kutoka Unguja, Pemba au Mombasa. Pengine moja yao ilipigwa Capital Art Studio, ile ya Ranchhod Oza iliyofunguliwa Mji Mkongwe mwaka 1930. Zimefifia, zimekunjika, na vijana wanataka kuzitengeneza kwa simu kwa dakika moja.

Hapo tuangalie. Programu nyingi za simu zinazong'arisha sura kwa akili mnemba hazirudishi kilichofutika, zinabuni. Jicho la bibi linatoka zuri, lakini si lake. Tena mara nyingi picha inapelekwa kwenye kompyuta za kampuni usiyoijua, na humo wamo mama zetu waliopiga picha za nyumbani tu, bila ya buibui.

Kwa kazi hii mimi nachagua GIMP. Ilianzwa mwaka 1995 na wanafunzi wawili wa California, Spencer Kimball na Peter Mattis, na mpaka leo ni ya bure kweli: haina matangazo, haidai usajili, na ukishaipakua inafanya kazi hata bila ya intaneti. Ina zana ya kuponya, inayochukua rangi ya sehemu nzima iliyo karibu na kuichanganya juu ya doa au mkwaruzo. Picha iliyofifia hurekebishwa kwa kusogeza viwango vya weusi na weupe. Sura yake ya kwanza inatisha kidogo, na kwenye simu haipo.

Krita ni ya kuchora. Inamfaa mtoto mwenye kalamu ya kidijitali, si picha iliyochanika. Ukiikuta inauzwa Microsoft Store au Steam, programu ni ile ile, kwenye krita.org ni bure. Kompyuta ikiwa dhaifu, jaribu Photopea ndani ya kivinjari. Ina matangazo, lakini faili hubaki kwenye kompyuta yako.

Kabla ya yote, skani picha kwa dpi 600 na uihifadhi kwa TIFF, kwani JPEG hupoteza kidogo kila ikihifadhiwa upya. Faili hilo lisiguswe. Fanyia kazi nakala. Na majina ya waliomo yaandikwe sasa, wakati bado yupo shangazi wa kuwatambua.