Wingi wa Karati na Thamani ya Jiwe katika Tathmini ya Miradi Michanga ya Almasi

Swali la kwanza la mwekezaji katika mradi wa almasi ulio katika hatua ya utafutaji huwa ni hili: tani 100 za mwamba zina karati ngapi? Mgodi wa Letšeng nchini Lesotho unadhihirisha upungufu wa swali hilo. Mwamba wake hutoa chini ya karati 2 kwa tani 100, na Rio Tinto iliuacha mwaka 1972. Hata hivyo, mwaka 2018 lilipatikana hapo jiwe la karati 910. Mawe ya aina hiyo ni nadra mno kuonekana katika sampuli ndogo. Hivyo, bei ya wastani inayokadiriwa kutokana na karati mia chache, aghalabu na mwenye mradi mwenyewe, haitoshi kuwa msingi wa uamuzi. Huhitajika karati elfu kadhaa.