TAIRI ZA A/T: USINUNUE KWA MACHO, SOMA UBAVU KWANZA

Leo siasa na mpira naweka pembeni kidogo, naomba tuongelee tairi. Najua kuna mtu ameshaanza kucheka, anasema "mimi hata baiskeli sina, tairi za nini?" Subiri basi. Wengi wetu tunaoshinda kafe ndio tunaotumwa na wajomba: "hebu niangalizie kwenye mtandao tairi gani nzuri." Na wengine kesho keshokutwa tutashika usukani wa gari ya mtu. Kwa hiyo soma, halafu kamwambie na mjomba.

Kilichonifanya niandike ni yaliyomkuta kaka yangu. Yeye anaendesha Hilux ya tajiri, anapakia kabichi na karoti kutoka vijiji vya juu huko Lushoto anashusha Mombo, barabara kuu. Wanaoijua njia ile wanaelewa. Huko vijijini ni udongo mwekundu, mvua ikinyesha unateleza kama sabuni. Halafu ukitoka Lushoto kupitia Soni mpaka Mombo ni lami, nyembamba, kona juu ya kona, mlima upande mmoja na korongo upande wa pili.

Masika moja alikwama mara mbili, kabichi zikaoza, tajiri akaja juu. Kaka akaenda kununua tairi za mtumba zenye kashata kubwaaa, zile ukiziona unasema hii gari inapanda hata ukuta. Muuzaji akamwambia "hizi ni A/T mzee, za kazi zote." Wiki tatu hakukwama hata siku moja, akawa anajisifu kijiwe kizima. Wiki ya nne anashuka Soni na mzigo, manyunyu ndio yanaanza, mbele lori limesimama kwenye kona. Akakanyaga breki. Anasema gari iliendelea tu kwenda, kama mtu aliyevaa ndala kwenye sakafu ya vigae yenye maji. Tunamshukuru Mungu iliserereka upande wa mlima, ikaingia mtaroni. Ingeenda upande wa pili leo nisingekuwa naandika habari za tairi. Utingo wake alivunjika mkono. Kaka mpaka leo anakatwa hela kila wiki kulipia bampa, taa na rejeta.

Tulipokuja kuzisoma zile tairi vizuri, kumbe hazikuwa A/T kabisa, zilikuwa M/T. Na zilikuwa na miaka kumi na moja tangu zitengenezwe. Yote hayo yalikuwa yameandikwa ubavuni mwa tairi. Hakuna aliyesoma, si kaka, si fundi, si tajiri.

AINA TATU ZA KUZIJUA

Tairi za magari ya juu juu kama Prado, Hilux, RAV4 na wenzake utakuta ziko za aina tatu.

H/T ni tairi ya lami. Kashata zake (yaani vile vinundu vya mpira vinavyokanyaga chini) ni ndogo na zimebanana. Haina kelele, inakula mafuta kidogo, na kwenye lami yenye maji inashika vizuri. Kwenye vumbi kavu inaenda bila shida. Kwenye tope inajaa udongo, inakuwa kama chapati.

M/T ni tairi ya tope. Kashata kubwa, mifereji mipana ili tope litoke tairi ikizunguka. Porini ni mfalme. Kwenye lami inavuma kama mashine ya kusaga, inaisha haraka, na kwenye maji breki yake ni ndefu.

A/T iko katikati. Kashata zimeachana kiasi, ubavu mara nyingi ni mgumu zaidi kuliko wa H/T, mpira wake unavumilia changarawe. Hizi si za jana wala juzi, BFGoodrich walitoa All-Terrain T/A yao mwaka 1976. Siku hizi karibu kila kampuni ina yake: Yokohama wana Geolandar A/T, Bridgestone wana Dueler A/T, Toyo wana Open Country A/T, General wana Grabber.

Sasa hapa ndipo watu wanapigwa. Hilo jina A/T halina kipimo rasmi. Kila kampuni inaandika inavyoona yenyewe. Kuna A/T ambayo ni H/T iliyovaa koti, na kuna A/T ambayo imebakiza kidogo tu iwe M/T. Vilevile usidanganyike na maandishi ya M+S. Maana yake ni tope na theluji, lakini inawekwa kwa kuangalia mchoro wa kashata tu, na hata tairi nyingi za lami zinayo. Ukiona mchoro wa mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake, hiyo tairi imepimwa kwenye theluji kweli. Sasa wewe wa Korogwe theluji ya nini, labda uende nayo kileleni Kilimanjaro.

TOPE LINAKUCHELEWESHA, LAMI YA MVUA INAKUZIKA

Hili ndilo neno lenyewe la leo, mengine yote ni nyongeza.

Watu wengi wakichagua tairi wanafikiria ile siku waliyokwama. Ni kweli kukwama kunauma, unachafuka, unachelewa, mzigo unaharibika. Lakini kwenye tope unakwenda spidi ya mtu anayetembea. Ukiteleza unaishia kwenye migomba. Kwenye lami unakwenda 80, na mbele yako kuna basi, bodaboda na watoto wa shule.

Kumbuka pia kwamba breki haisimamishi gari. Breki inasimamisha tairi isizunguke. Kinachosimamisha gari ni mpira unaogusa barabara. Kashata zikiachana sana, mpira unaogusa lami unapungua, na zile kashata ndefu zinayumba ukikanyaga breki. Mpira ukiwa mzee unakuwa mgumu kama soli ya kandambili iliyokaa juani. Changanya hayo na mvua ya kwanza kwenye lami, ile inayolainisha vumbi na oili, umepata kilichomkuta kaka.

Kwa hiyo chagua hivi:

Kama safari zako karibu zote ni lami, na vumbi ni ile ya kuingia nyumbani tu, chukua H/T nzuri mpya. Usione aibu. Washkaji watakucheka siku moja, utaokoa mafuta mwaka mzima.

Kama ni nusu lami nusu vumbi, changarawe na tope la msimu, hapo ndipo A/T ilipozaliwa. Chukua ile ya wastani, ambayo kashata za katikati zimebanana kidogo na za pembeni zimeachana. Za katikati ndizo zinazokusaidia kwenye lami, za pembeni ndizo zinazochimba kwenye tope.

Kama unashinda porini au shambani na lami unaiona mara moja kwa wiki, fikiria A/T kali au M/T. Ila ukiingia lami ujue umevaa gambuti, usikimbie.

JINSI YA KUSOMA UBAVU

Tuchukue mfano wa 265/65R17 112S, saizi utakayoikuta kwenye Prado na Hilux nyingi.

265 ni upana wa tairi kwa milimita. 65 ni kimo cha ubavu, yaani asilimia 65 ya ule upana, ambayo ni kama milimita 172. R ni radial, jinsi nyuzi za ndani zilivyolazwa. 17 ni rimu, inchi 17.

112 ni namba ya uzito. Siyo kilo 112! Ni namba ya kwenye jedwali, na 112 maana yake tairi moja inabeba kilo 1,120. Namba 100 ni kilo 800. Umeona tofauti? Tairi mbili za nyuma zenye 112 zinabeba kilo 2,240, zenye 100 zinabeba 1,600 tu. Na kwenye pikapu mzigo wote unakalia nyuma. Usishuke chini ya namba iliyopangwa kwa gari lako.

S ni spidi, mwisho kilomita 180 kwa saa. Q ni 160, T ni 190. Kwa barabara zetu hata Q inatosha, haina haja ya kulipia zaidi.

Ukiona mbele kuna herufi LT, hiyo imetengenezwa kwa magari ya mzigo. Ina nyuzi nyingi, ubavu mgumu, inastahimili mawe makali. Lakini ni nzito, inataka upepo mwingi zaidi ili ibebe ule uzito wake, na gari dogo linakuwa linarusha kama punda. Pikapu ya mzigo sawa. RAV4 ya kwenda kazini na kijijini Krismasi, haihitaji.

Halafu tarehe. Tafuta neno DOT, angalia namba nne za mwisho. 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Usipoziona upande mmoja angalia upande wa pili. Hili ni muhimu sana kwetu, maana General Tyre ya Arusha ilisimamisha uzalishaji miaka ya 2000, na kiwanda cha Sameer cha Nairobi kilichokuwa kinatoa Yana kilifunga uzalishaji 2016. Tairi nyingi sasa zinakuja kwa meli, zinakaa stoo, zinakaa dukani. Unaweza kuuziwa tairi yenye plastiki zake bado, kumbe ina miaka minne. Watengenezaji wengi wa magari wanashauri tairi ikifika miaka sita ibadilishwe, na watengenezaji wa tairi wengi wanasema kumi ndio mwisho kabisa, hata kama kashata bado zipo.

Kuhusu kipara, ndani ya mifereji kuna vidaraja vidogo vya mpira. Kashata zikilingana na vidaraja hivyo zimebaki milimita 1.6, tairi imekwisha. Kwa A/T usingoje hapo. Ikibaki milimita 3 hivi, kwenye tope tayari unabahatisha.

MAKOSA MENGINE YA KIJIWENI

Moja, kuongeza saizi ili gari lionekane limenyanyuka. Ukitoka 265/65R17 kwenda 265/70R17 tairi inakua kutoka milimita 776 hadi 803 hivi. Ni karibu asilimia 3.4. Dashibodi ikisema 80, kweli uko karibu 83. Gari inakuwa nzito kuondoka, na ukikata kona kali tairi inaweza kugusa madigadi.

Mbili, kuchanganya. A/T mbili nyuma, vipara viwili mbele. Kwa gari linalovuta miguu yote minne muda wote, kama Prado, Forester na RAV4 ya namna hiyo, tairi zisipolingana mzunguko mfumo wa kuvuta unalazimika kufanya kazi hata kwenye lami kavu, unachemka, unakufa. Gharama yake ni kubwa kuliko tairi nne. Nunua zote nne pamoja, na spea iwe saizi ileile.

Tatu, upepo. Kipimo sahihi kiko kwenye kibandiko mlangoni kwa dereva, usiamini jicho la fundi wala teke. Pima asubuhi tairi ikiwa baridi. Kwenye mchanga mzito unaweza kushusha mpaka kama PSI 18 au 20, ukatembea taratibu, tairi inatanuka na haizami. LAKINI ukirudi lami jaza kwanza. Tairi yenye upepo mdogo inayokimbizwa na mzigo inachemka ndani mpaka inapasuka. Geji ya upepo haifiki bei ya tairi moja, kaa nayo kwenye gari.

Nne, mtumba. Sijasema usinunue, najua hali zetu. Ila soma tarehe, ikunje kashata kwa mkono uone kama kuna mipasuko, tia mkono ndani utafute viraka, papasa ubavu kama kuna uvimbe. Ikiwa na uvimbe iache hapohapo hata kama ni bure.

Kaka sasa hivi anatembelea A/T za wastani, mpya, namba ya uzito sahihi. Alizinunua kwa mkopo na tajiri akachangia nusu baada ya maneno mengi. Je, anakwama? Anakwama. Mwezi uliopita alikwama, akaita vijana, wakasukuma, akawapa hela ya soda na kabichi mbili tatu, akaendelea na safari. Soni ameshashuka kwenye mvua mara nyingi, anashuka taratibu, na utingo wake yuleyule yuko pembeni, mkono umepona.

Haya wadau, mimi nimemaliza. Wale wa Rukwa na Kigoma mnaopambana na udongo mweusi ule unaonata mpaka gurudumu linagoma kuzunguka, tuambieni hapo chini mnatumia tairi gani na inadumu muda gani. Na kama una mjomba mwenye gari, leo ukirudi nyumbani kabla hujala, nenda kasome zile namba nne za mwisho ubavuni. Halafu uje utuambie umekuta mwaka gani.

Nawakilisha.