Mgeni wa Junju na mboga ya mchunga: Kwa nini ni heri kula kinachopikwa na mwenyeji

KILA zinapowadia sikukuu za Desemba na likizo za shule za Aprili na Agosti, magari ya abiria hujaa watu wanaorejea Pwani kuwaona wazazi, babu na nyanya zao. Junju, wadi ya Kilifi Kusini iliyo kati ya Mtwapa na mji wa Kilifi, ni miongoni mwa maeneo yanayopokea wageni hao. Wenyeji wake wengi ni Wamijikenda, wakiwemo Wachonyi na Wagiriama.

Aghalabu mgeni hushuka garini na mikate, sukari na majani ya chai. Zawadi hizo hupokewa kwa furaha. Tatizo huanza mikate inapokwisha, na watoto waliolelewa mjini wakaitazama sahani ya sima na mboga chungu kana kwamba ni adhabu.

Hapo mwenyeji hufanya linalomlazimu kwa mujibu wa mila, kwani haiwezekani mgeni alale njaa nyumbani kwake. Atamtuma mtoto dukani kukopa mkate, unga wa ngano na mafuta, au atamchinja kuku aliyekuwa akitaga. Mgeni hurudi mjini ameshiba, nalo deni hubaki kijijini.

Wahenga walinena, mgeni njoo mwenyeji apone. Mgeni asiyekula kinachopikwa kila siku humfanya mwenyeji augue badala ya kupona.

Chakula chenyewe si duni kama kinavyodhaniwa. Msingi wake ni sima ya mahindi, ambayo Wamijikenda huiita wari. Huliwa kwa kunde, mbaazi, samaki mkavu wa ng'onda au mboga za majani. Mihogo nayo huchemshwa na kutiwa nazi.

Katika mboga hizo, inayowashinda wageni wengi ni mchunga, ambao Wagiriama huuita mutsunga. Ni mmea wenye utomvu mweupe kama maziwa, unaojiotea wenyewe mashambani mvua zikinyesha. Hauhitaji mbegu ya kununua wala mbolea.

Uchungu wake una dawa jikoni. Mpishi hodari huuchanganya na mchicha, mnavu au majani ya kunde, huku akipima kiasi cha kila jani. Nazi hukunwa kwa mbuzi, ikakamuliwa na kuchujwa kwa kifumbu. Tui jepesi hutangulia chunguni. Tui zito hutiwa mwisho, moto ukiwa mdogo, na mpishi hulikoroga bila kuacha ili lisikatike.

Mpango huo una manufaa kwa mwili pia. Majani ya kijani yana viini ambavyo mwili huvigeuza kuwa vitamini A, lakini viini hivyo havifyonzwi vyema pasipo mafuta. Tui ndilo linaloleta mafuta hayo. Ndimu ikikamuliwa juu ya mboga huusaidia mwili kupata madini ya chuma. Chai ya rangi inayonywewa papo hapo na chakula hufanya kinyume chake, na kwa hiyo ni bora isubiri.

Hata hivyo, tui lina mafuta mengi ya aina ambayo baadhi ya wagonjwa hushauriwa na madaktari wayapunguze. Mgeni wa namna hiyo hana haja ya kuikataa mboga. Yatosha kumwomba mpishi amtengee sehemu yake kabla ya tui zito kutiwa.

Si kila kinachoitwa cha asili kilianzia Pwani. Mahindi na mihogo asili yake ni bara la Amerika, na iliingia Afrika kwa njia ya biashara ya Wareno. Kabla yake, nafaka za Wamijikenda zilikuwa mtama, uwele na wimbi. Chakula huwa cha kienyeji kwa sababu wenyeji wanajua kukipanda, kukichagua, kukihifadhi na kukipika.

Ujuzi huo ndio ulio hatarini. Haukuandikwa vitabuni ila hupokezanwa shambani na jikoni, nyanya akimwonyesha mjukuu jani la kuchuma na jani la kuacha. Mjukuu anayefika mara moja kwa mwaka, akala mkate na kuondoka, hukata mnyororo huo bila kujua.

Kenya ililitambua jambo hilo mapema kiasi. Kazi iliyoanza mwaka wa 2007 ya kuorodhesha vyakula vya jadi na majina yake katika lugha za wenyeji iliingizwa na UNESCO katika sajili yake ya mifano bora ya kuhifadhi utamaduni mnamo Desemba 2021. Lakini orodha haipiki chakula. Jina la mmea laweza kubaki kwenye karatasi huku hakuna mtu kijijini anayejua kuondoa uchungu wake.

Hasara yake huonekana ukame unapokuja. Kati ya 2020 na 2023 mvua zilikosekana misimu kadhaa mfululizo katika sehemu kubwa za Kenya, Kilifi ikiwa mojawapo ya kaunti zilizoathirika. Nyakati kama hizo, familia inayojua mihogo na mboga za porini huwa na cha kujikimu. Isiyojua hutegemea duka, na duka hutaka pesa.

TAHADHARI KWA MGENI

Kula kienyeji si kula ovyo. Mihogo michungu ina sumu inayopaswa kuondolewa kwa kumenya, kuloweka, kuanika na kupika barabara. Kwa hiyo mgeni asing'oe muhogo shambani na kuutafuna mbichi kabla ya kuuliza ni wa aina gani. Vivyo hivyo, mboga za porini zichumwe na anayezijua.

Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa. Dafu lililokatwa hapo hapo ni kinywaji salama, maadamu panga ni safi. Chakula chenye tui huchacha upesi katika joto la Pwani, hivyo kisilazwe hadi kesho bila kuhifadhiwa vizuri. Mnazi nao, kwa wanaokunywa, utoke kwa mgema anayejulikana, kwani kileo hicho huzidi ukali kadiri saa zinavyopita.

Adabu nayo ni sehemu ya mlo. Mgeni hunawa, hula kwa mkono wa kulia na hujimegea upande wake wa sinia. Asiyependa mboga fulani huonja kidogo na kushukuru, badala ya kukunja uso mbele ya aliyeipika. Watoto waelezwe mambo haya kabla ya safari. Wasifike mezani na kushtuka.

Wala hakuna anayewataka wageni waache kubeba zawadi. Lililo muhimu ni kuuliza kwanza kinachohitajika. Pengine nyanya hana haja ya mikate sita itakayoota ukungu kwa siku tatu, bali anataka mafuta ya taa, mbegu za kunde au jembe jipya. Pesa ambazo zingenunua soda za wiki nzima zaweza kulipa deni la dukani.

Na kwa kuwa mgeni ni siku mbili, ya tatu mpe jembe, watoto wa mjini nao wapewe kazi. Waandamane na nyanya asubuhi kuchuma mchunga, wakune nazi, wakamue tui. Mtoto aliyeichuma mboga kwa mkono wake huwa mwepesi zaidi wa kuionja. Akiipenda, atakuwa amejifunza jambo ambalo halifundishwi Nairobi, na mwenyeji atakuwa amekaa na wageni wake bila ya kukopa.