Kwa nini wengine hawaambukizwi HIV?

Tangu virusi vya HIV vilipogunduliwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, madaktari wamekuwa wakijiuliza: kwa nini watu wawili wakikumbana na virusi hivyo, mmoja huambukizwa na mwingine husalimika?

Sehemu ya jibu imo katika chembe za urithi, yaani jeni, ambazo kila mtu hupokea kutoka kwa baba na mama. Hata hivyo, utafiti umeonyesha pia kwamba urithi huo si ngao ya kutegemewa.

Mlango uliofungwa

HIV hushambulia seli nyeupe za damu zinazoongoza kinga ya mwili. Ili kuingia ndani ya seli, virusi hushika protini mbili zilizo juu yake: CD4 na, mara nyingi, CCR5.

Mwaka 1996 wanasayansi waligundua kwamba baadhi ya watu wana jeni ya CCR5 iliyopungukiwa na kipande. Aliyerithi kasoro hiyo kwa wazazi wote wawili hana CCR5 juu ya seli zake, na aina nyingi za HIV hukosa pa kuingilia.

Takriban mtu 1 kati ya 100 wenye asili ya Ulaya ana hali hiyo. Miongoni mwa Waafrika ni nadra mno.

Lakini zipo aina za HIV zinazotumia mlango mwingine, uitwao CXCR4, na watu wachache wenye kasoro hiyo wamewahi kuambukizwa.

Wanawake wa Majengo

Nchini Kenya, watafiti wa vyuo vikuu vya Nairobi na Manitoba cha Canada waliwafuatilia tangu miaka ya 1980 wanawake waliokuwa wakifanya biashara ya ngono katika mtaa wa Majengo, Nairobi. Baadhi yao walikaa miaka mingi bila kuambukizwa, ingawa walikumbana na virusi mara kwa mara.

Siri yao haikuwa CCR5. Watafiti waliihusisha na jeni nyingine, zikiwemo zile zinazousaidia mwili kuitambua seli iliyokwisha kuvamiwa.

Hata hivyo, baadhi yao waliambukizwa baadaye, hasa baada ya kupunguza kazi hiyo au kuiacha kwa muda. Kinga iliyodhaniwa kuwa ya kudumu ilikuwa imetoweka.

Jeni na Afrika

Mwaka 2008 utafiti uliofanywa miongoni mwa wanajeshi wa Marekani ulidai kwamba Wamarekani weusi wasio na protini iitwayo Duffy katika seli nyekundu za damu wana uwezekano mkubwa zaidi, kwa asilimia 40, wa kuambukizwa HIV. Waafrika wengi wa kusini mwa Sahara hawana protini hiyo, na hali hiyo huwakinga dhidi ya aina moja ya malaria.

Baadhi ya watu waliona hapo sababu ya ukubwa wa janga barani Afrika. Lakini mwaka 2009 watafiti wengine walichunguza makundi tofauti ya watu na hawakuuona uhusiano huo.

Mwaka 2023 ulitangazwa uchunguzi wa karibu watu 3,900 wenye asili ya Afrika wanaoishi na HIV. Uligundua kwamba tofauti za urithi karibu na jeni ya CHD1L huambatana na kiwango kidogo cha virusi mwilini.

Manufaa kwa wagonjwa

Elimu hii imeleta tiba. Dawa ya maraviroc, inayoziba CCR5, iliidhinishwa mwaka 2007.

Mwaka huo huo, mjini Berlin, Timothy Ray Brown, Mmarekani mwenye HIV na saratani ya damu, alipandikizwa seli za uboho za mtu asiye na CCR5. Akawa mtu wa kwanza kutambuliwa kupona HIV. Alifariki mwaka 2020 kwa saratani hiyo, si kwa Ukimwi.

Upandikizaji huo ni wa hatari, na hufanywa tu kwa wanaouhitaji kwa maradhi mengine.

Kwa wengine wote kinga haitokani na kuzaliwa: ni kupima, kutumia kondomu na dawa za kuzuia maambukizi. Kwa mwenye virusi ni kumeza dawa kila siku, kwani virusi vikipungua hadi kutoonekana kwenye vipimo, hamwambukizi mwenzake kwa ngono.