Je, Wajua? Chokaa ni Taa ya Mchana

Je, wajua kwamba ukuta mweupe hurudisha chumbani sehemu kubwa ya mwanga unaoupiga, ilhali ukuta uliokolea moshi huumeza karibu wote? Kwa majengo ya Nyeri, mji ulio zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, jambo hili lina uzito wake. Kati ya Juni na Agosti mawingu hulificha jua siku baada ya siku, na chumba chenye dirisha dogo huhitaji taa hata saa nane mchana. Ndiyo maana nasema pesa za kwanza za kupamba nyumba ziende kwenye chokaa, ukianza na ukuta unaotazamana na dirisha, kabla ya pazia au kochi jipya.

Watu husema chokaa hushika nguo. Ni kweli, ikipakwa nzito juu ya ukuta mkavu. Lowesha ukuta, paka nyembamba, iache ikauke, kisha urudie mara mbili au tatu. Taratibu chokaa hufyonza hewa ukaa na kugeuka tena kuwa jiwe. Ukali wake, ambao ni lazima uyakinge macho na mikono yako dhidi yake, huzuia pia kuvu wa kuta zenye unyevu. Wengine huona weupe mtupu ni baridi. Hapo ndipo leso kuukuu inapofaa: pindo lake jekundu likishonewa foronya za mito, pamoja na vitambaa vya kufuma vya rangi ya chungwa mgongoni mwa makochi, chumba hupata joto na ukuta hubaki na mwanga wake.