Kuhifadhi na Kutengeneza Mitambo ya Kale

Neno kutengeneza lina maana mbili katika Kiswahili: kuunda kitu kipya, na kukirudishia uzima kilichoharibika. Kwa fundi wa baiskeli tofauti hiyo si kitu. Lakini kwa mtunzaji wa mitambo adimu ya umeme ndiyo shauri lote.

Zitazamwe kompyuta mbili za Uingereza. Pilot ACE, iliyoanza kazi mwaka 1950, imetunzwa na Science Museum ya London bila kuendeshwa. Harwell Dekatron ya mwaka 1951, yenye uzito wa tani mbili na nusu, ilitengenezwa huko Bletchley Park tangu 2009 hata ikaamka mwaka 2012. Hii ya pili hufundisha jambo ambalo chombo kilicholala hakiwezi: taa zake za gilasi huhesabu sifuri hata tisa kwa nukta ya nuru izungukayo, na mtazamaji huiona hesabu ikitendeka.

Lakini kuamsha kuna gharama yake. Kapasita za kale huchakaa, na umeme ukipitishwa ghafula huweza kuunguza sehemu nyingine; basi hutolewa zikatiwa mpya. Kila itolewayo huondoka na ushahidi: jina la kiwanda, alama ya kalamu, mkono wa aliyelehemu. Mafundi wa Bletchley walijitahidi kubakiza vipande vya asili, na sifa hiyo yapita ile ya kuamsha. Kipande kilichotolewa hakitupwi. Huwekwa, kikaandikiwa tarehe na sababu ya kutolewa.