Anapokamatwa Jamaa Yako, Uliza Kwanza: Je, Ni Mzima?

Je, msomaji, ukipigiwa simu usiku uambiwe ndugu yako amekamatwa, utafikiria nini kwanza? Wengi hukimbilia kutafuta wakili na pesa za dhamana. Ni vyema, lakini sisi madaktari tungependa uanze na swali jingine: hali yake ya afya ikoje?

Mwalimu Albert Ojwang alikamatwa Homa Bay Juni 7, 2025, akasafirishwa hadi kituo cha polisi cha Central, Nairobi. Kufikia asubuhi alikuwa amefariki. Polisi walidai alijigonga kichwa ukutani. Upasuaji wa maiti ulionyesha mengine: majeraha ya kichwa, shingo iliyobanwa na michubuko sehemu nyingi za mwili. Vijana waliandamana Nairobi kwa hasira, na Inspekta Jenerali Douglas Kanja akaomba msamaha mbele ya Seneti kwa taarifa hiyo ya kwanza.

Ukuta au mkono?

Daktari hutambuaje? Anayejigonga ukutani kwa kawaida huumia mahali pamoja, hasa kwenye paji la uso. Damu ikiwa imevilia mbele, kando na kisogoni, tena shingo ina dalili za kubanwa, hapo ukuta hausingiziki.

Hata hivyo, si kipigo peke yake kinachoua mahabusu. Mgonjwa wa kisukari, pumu au kifafa anaweza kufa akikosa dawa. Aliyegongwa kichwa naye anaweza kuongea vizuri kwa saa kadhaa huku damu ikivuja polepole ndani ya fuvu. Akianza kutapika, kusinzia na kukoroma, wenzake husema amelewa, aachwe alale. Huyo anahitaji hospitali mara moja.

Mama mmoja aliwahi kuja kliniki kwangu akilia, mkononi ana insulini ya mwanawe. Kituoni walikuwa wameikataa, wakidhani ni dawa ya kulevya. Niliandika barua fupi yenye jina la ugonjwa, kipimo cha dawa, saa za kudungwa na nambari yangu ya simu. Alirudi nayo, na kijana akapata dawa jioni hiyo. Karatasi moja ilitosha.

Ufanye nini?

Katiba ya 2010, kifungu cha 49, inampa aliyekamatwa haki ya kuwasiliana na wakili na watu wengine anaohitaji msaada wao. Anafaa kufikishwa mahakamani kabla ya saa 24 kwisha, au siku ya kwanza ya mahakama ikiwa muda huo umeishia wikendi. Kwa hivyo nenda kituoni, omba kumwona, mtazame macho na usemi wake. Akiwa ameumia, sisitiza apelekwe hospitali, na hakimu aelezwe. Baadaye ajaziwe fomu ya P3.

Na mauti yakitokea? Najua uchungu unavyosukuma watu kuzika haraka, lakini subirini kidogo. Ombeni daktari wenu awepo wakati wa upasuaji. Nguo zisifuliwe, ziwekwe katika mfuko wa karatasi, kwa kuwa plastiki huhifadhi unyevu na kuharibu ushahidi. Majeraha yapigwe picha. Sheria ya 2011 iliyounda mamlaka ya IPOA inawataka polisi waiarifu kila mtu anapofia mikononi mwao. Hakikisheni imearifiwa.

Hasira ya umma ina maana yake, kwani bila kelele huenda taarifa ile ya ukuta ingebaki ilivyo. Lakini kilichoipinga taarifa hiyo kwa ushahidi ni mwili uliochunguzwa vizuri kabla ya kuzikwa.

Basi, msomaji, iwapo nyumbani kwako kuna mgonjwa wa kisukari, pumu, kifafa au shinikizo la damu, mwombe daktari wake barua kama ile. Aiweke pamoja na kitambulisho chake, nanyi mbaki na nakala nyumbani.